Uliza Sakafu Kwanza: Kuchagua Vifaa vya Hoki ya Magurudumu

Ubavuni mwa gurudumu la kiatu cha hoki huwa kuna namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita: 72, 76 au 80. Ya pili ni ugumu, nayo hufuatwa na herufi A: 74A, 78A, 84A. Mnunuzi mgeni hutazama rangi ya kiatu, jina la kampuni na bei. Akishafika uwanjani akateleza kama aliyekanyaga sabuni, hulaumu miguu yake. Miguu haina kosa. Ni ile namba ya pili ambayo hakuna aliyeiuliza.

Katika mpira wa magongo wa viatu vya magurudumu, sakafu ndiyo inayochagua vifaa. Kiatu cha bei ya kawaida chenye magurudumu yanayoendana na uwanja kinachezeka vizuri. Kiatu ghali chenye magurudumu yasiyoendana nao kitakuangusha, au kitakula magurudumu yake ndani ya wiki chache. Ndiyo maana napenda kupanga manunuzi kuanzia chini kwenda juu: sakafu, gurudumu, beringi, kitu kinachopigwa, gongo, na kiatu chenyewe mwishoni.

Isome sakafu kwa kiganja

Kabla ya kufungua pochi, nenda uwanjani ukaguse. Weka kiganja chini, kikandamize, kisha kisukume mbele. Kikienda bila kukwaruzwa na kikarudi kisafi, hiyo ni sakafu laini na safi: vigae vya plastiki vinavyounganishwa, mbao iliyopigwa vanishi, terazo, au saruji iliyomaliziwa kwa niru. Kikienda kirahisi lakini kikarudi na unga mweupe, basi zege linatoa vumbi, na hapo una shida ambayo hakuna gurudumu litakaloitatua peke yake. Kikikwaruzwa kidogo kama kwenye msasa mwembamba, huo ni uwanja wa kikapu au netiboli uliopakwa rangi yenye mchanga. Kikikwama na kuuma, uko kwenye zege lililopigwa fagio likiwa bichi ili liwe na mikwaruzo, au kwenye lami.

Tazama pia maungio. Zege humwagwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande huachwa mfereji. Mfereji wa upana wa kidole unatosha kunasa gurudumu la mbele na kumrusha mtu kifudifudi. Ujazwe kwa gundi ya maungio inayobaki na unyumbufu. Saruji ya kawaida hupasuka tena zege linapotanuka kwa joto.

Vigae vya plastiki vina kisa chao. Plastiki hutanuka juani, kwa hiyo pembezoni lazima iachwe nafasi kati ya vigae na ukuta au ubao wa uwanja. Vikibanwa, vitainuka katikati mchana na kutengeneza mgongo. Vikilowa, hata kwa umande tu, havichezeki kabisa, hata ukivaa gurudumu laini kuliko yote dukani.

Ugumu wa gurudumu, na kwa nini ushauri hupingana

Kipimo cha A hupima jinsi poliyurethani (au urethani kwa kifupi), plastiki nyumbufu ya gurudumu, inavyokataa kubonyezwa. Namba ikipanda, gurudumu linakuwa gumu zaidi. Kwa viatu vya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, naanzia hapa. Kwenye vigae vya plastiki vya ndani na mbao laini, mchezaji wa chini ya kilo 60 hivi avae 72A hadi 74A, wa kilo 60 hadi 80 avae 76A, na aliyezidi hapo 78A. Kwenye niru na terazo panda kidogo, 76A hadi 78A. Kwenye uwanja uliopakwa rangi yenye mchanga, 80A hadi 82A. Kwenye zege la fagio na lami, 82A hadi 85A. Hizi ni sehemu za kuanzia tu. Mchezaji anayekata kona kwa nguvu na kusimama ghafla atataka kusogea hatua moja upande fulani baada ya mechi chache.

Sababu iko hivi. Sakafu iliyo laini machoni ina vijishimo vidogo sana. Gurudumu laini hubonyea, hujimimina ndani ya vijishimo hivyo na kushika. Gurudumu gumu hukaa juu yake tu, na ukilisukuma kwa ubavu linateleza. Kwenye lami mambo hugeuka. Ncha za kokoto huzama ndani ya gurudumu laini, na unaposimama kwa ubavu ncha hizo hulichana. Utaona vipande vidogo vimenyofoka ukingoni, kama mahindi yaliyobanduliwa kwenye gunzi. Gurudumu gumu halichaniki haraka hivyo, na mshiko halikosi kwa sababu ukali wa lami wenyewe unautoa.

Uzito nao una neno. Mtu wa kilo 95 juu ya 72A hulibonyeza gurudumu kupita kiasi. Kila mzunguko unakuwa wa kulikanda badala ya kuliviringisha, mwendo unapungua, urethani inapata joto, na mwisho inaanza kuachana na kiini chake cha plastiki. Ukiona mstari wa ufa kati ya kiini na mpira wa gurudumu, litupe. Gundi haitalirudisha.

Sasa tufike kwenye mkanganyiko unaowapotosha watu wengi kuliko wote. Muulize mtu anayetembea mitaani kwa viatu vya magurudumu manne ya pembeni, mawili mbele na mawili nyuma. Atakwambia: nje vaa laini, 78A, na ndani vaa gumu, 95A. Muulize mchezaji wa hoki ya mstari mmoja, atakwambia kinyume kabisa. Wote wawili wanasema kweli. Mtembezi anataka starehe: gurudumu laini humeza mtikisiko wa lami, na hasimami kwa ubavu mara hamsini kwa saa. Akiingia ndani, magurudumu yake mapana yanagusa sakafu kwa eneo kubwa, hivyo hata yakiwa magumu yanashika vya kutosha na kukimbia vizuri. Mchezaji wa mstari mmoja ana eneo jembamba mno linalogusa sakafu, na kila dakika analilazimisha kwa ubavu. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa ugumu, jiulize kwanza ni wa kiatu gani na wa kazi gani. Namba ya kiatu kimoja haihamishiki kwenda kingine.

Hili lina maana ya pekee kwa majirani zetu wa kusini, kwani Msumbiji na Angola hoki inayopendwa ni ile ya viatu vya magurudumu ya pembeni waliyoirithi kutoka kwa Wareno. Mchezo huo ulikuwa wa maonyesho kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Msumbiji ilimaliza ya nne duniani mwaka 2011 huko San Juan, Argentina, na mwaka 2013 Angola ikaandaa mashindano ya dunia. Huchezwa kwa mpira mgumu wa gramu 155 wenye mzingo wa sentimita 23, na magongo ya sentimita 90 hadi 115. Viwanja vyake ni mbao, terazo au zege lililosuguliwa, na magurudumu yake ni magumu, kwa kawaida karibu 90A na kuendelea. Kiatu kina kizuizi cha mpira kwenye ncha ya kidole, na mchezaji hukitumia kuanza mbio na kusimama. Ukiletewa vifaa kutoka Maputo, usivichanganye na vya hoki ya kisahani, yaani ile inayochezwa kwa kitu bapa cha mviringo badala ya mpira. Ni mchezo mwingine, wenye vifaa vyake.

Kipenyo na mpangilio

Kipenyo kikubwa hupita juu ya kokoto na maungio kwa urahisi, na hutunza mwendo. Kipenyo kidogo hukuweka karibu na sakafu na hugeuka haraka. Viatu vingi vya hoki vina 80 kwa yote manne, au 76 kwa yote, au mawili ya mbele 76 na ya nyuma 80, mpangilio unaokuinamisha mbele kidogo katika mkao wa mchezaji. Kwa uwanja wa nje wenye nyufa ningechagua 80 kote bila kusita. Magurudumu matatu makubwa ya milimita 110 ni ya safari ndefu. Kwenye hoki yanakuweka juu mno na kukuchelewesha kugeuka.

Upande wa ndani wa gurudumu huliwa haraka kuliko wa nje, kwa sababu ndiko unakosukumia. Likiachwa hivyo linakuwa na umbo la koni, na kiatu kinaanza kulalia ndani. Dawa ni kuzungusha: la kwanza libadilishane na la tatu, la pili na la nne, kisha yahamie kiatu cha pili ili upande ulioliwa utazame nje. Kwa viatu vyenye vipenyo viwili, badilishana kati ya yale yenye ukubwa mmoja tu. Nje ya nyumba fanya hivyo baada ya kila mechi nne au tano. Ndani unaweza kwenda mara mbili ya hapo. Gurudumu likipungua milimita 4 hivi kuliko wenzake, lishushe, kwa sababu halibebi tena mzigo wake na wenzake wanabeba kwa niaba yake.

Vumbi, chumvi na beringi

Beringi ya kiatu ni ya aina ya 608: tundu la ndani milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Ni beringi ileile inayotumika kwenye mashine nyingi ndogo, kwa hiyo maduka ya beringi ya mjini huwa nayo. Viatu viwili vya magurudumu manne manne vinataka beringi 16 na vipande 8 vya bomba vinavyokaa katikati ya kila jozi. Vipande hivyo hupotea sana kwa mafundi wa haraka. Bila hivyo, ukikaza bolti unazisukuma beringi kuelekeana, pete za ndani zinabanwa na gurudumu linagoma. Mtu hudhani beringi imekufa, akanunua mpya, nayo ikagoma vilevile.

Herufi baada ya namba zina maana kuliko watu wanavyodhani. 608ZZ ina ngao za chuma pande zote mbili. 608-2RS ina mihuri ya mpira. Kwa uwanja wa ndani ulio safi, ZZ inatosha. Kwa uwanja wa nje wenye vumbi jekundu, au popote karibu na bahari, chukua 2RS yenye grisi. Ipo tabia ya kuzungusha gurudumu kwa kidole dukani na kusifu lile linalozunguka muda mrefu. Jaribio hilo linadanganya. Beringi yenye grisi husimama mapema mkononi, lakini ikibebeshwa kilo 70 haina tofauti ya kutaja, na ndiyo itakayopona unyevu wa pwani. Ile yenye tone moja la mafuta mepesi itaimba vizuri leo na kushika kutu wiki ijayo.

Namba za ABEC, yaani 1, 3, 5, 7 na 9, hupima usahihi wa vipimo vya beringi. Haziongelei ubora wa chuma, wala mafuta, wala muhuri. Kwa hoki ABEC 5 yenye muhuri mzuri inashinda ABEC 9 iliyo wazi.

Kusafisha si kazi ngumu. Toa beringi, futa nje kwa kitambaa kikavu, kisha inua muhuri wa mpira kwa ncha ya pini ukianzia ukingo wa ndani, taratibu usiukunje. Loweka beringi kwenye spiriti ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, mshumaa na sigara, na utikise. Rudia kwa spiriti safi hadi isitoke rangi. Acha zikauke kabisa, kwa sababu kimiminika kikibaki ndani kitayeyusha mafuta mapya. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwa uwanja wa ndani, au grisi nyepesi kiasi cha punje ya mchele kwa uwanja wa nje, rudisha muhuri na uzungushe. Maji ya bomba yasifike hapo kamwe. Mafuta ya kopo ya kupulizia kwa kulegeza bolti nayo huondoa grisi bila kuacha kilainishi cha kudumu.

Unaporudisha gurudumu, kaza bolti hadi gurudumu lisitikisike tena pembeni, kisha lizungushe. Likisimama haraka, legeza robo ya mzunguko.

Sakafu inayotoa unga nayo isisahaulike. Unga wa saruji ukikaa kati ya gurudumu na sakafu unafanya kazi ya poda. Mtu hushuka kutoka 78A hadi 74A akitafuta mshiko, na unga unaling'ang'ania lile laini zaidi. Fagia, pitisha deki lenye unyevu kidogo, acha pakauke, na ufute magurudumu kwa kitambaa chenye maji wakati wa mapumziko. Kama unga unarudi kila wiki, sakafu inahitaji kupakwa dawa ya kugandisha uso wa zege. Gharama hiyo igawanywe na timu nzima, na ni nafuu kuliko kila mchezaji kununua seti mbili za magurudumu.

Kisahani au mpira

Kisahani kinataka sakafu laini. Kwenye lami ukingo wake hunaswa na kokoto, husimama wima na kuanza kuviringika kama sarafu, na mchezo unageuka kukimbizana nacho. Kisahani cha hoki ya barafu chenye gramu 156 hadi 170 kisiletwe kwenye magurudumu kabisa: ni kizito, ni raba tupu, na kinakwama. Cha magurudumu ni chepesi, kama gramu 100 hadi 115, na kina vijipande vya nailoni vilivyochomoza juu na chini ili kisiguse sakafu kwa uso wote. Kwenye vigae vya plastiki na niru safi kinateleza vizuri sana. Kwenye zege lenye ukali vijipande hivyo huliwa, na vikishalingana na mwili wa kisahani, kisahani hukokota. Vikague kila wiki kwa kupitisha ukucha. Kipo pia kisahani cha vipande viwili kilichobuniwa kwa lami, ambacho huzima mtikisiko ili kisisimame wima. Ni kizuri kwa pasi na kudhibiti, lakini mashuti ya nguvu hukivunja.

Kwa lami na zege la fagio, cheza mpira wa plastiki usiodunda. Hapa angalia joto. Mipira hii hutengenezwa kwa viwango vya ugumu kulingana na hali ya hewa, na rangi huashiria kiwango hicho, ambapo rangi ya chungwa kwa kawaida ni ya joto. Mpira uliotengenezwa kwa baridi ya Kanada ukiletwa Mombasa mchana unalainika na kudunda kama wa watoto. Mpira wa joto ukipelekwa Toronto mwezi Januari unakuwa jiwe. Mpira wa tenisi, wenye gramu 56 hadi 59, unafaa kwa mazoezi ya wanaoanza hasa ukishachakaa manyoya, ila unadunda mno kwa mechi.

Gongo

Bapa, ile sehemu ya chini ya gongo inayopiga, likiwa la nyuzi za kaboni, kwenye lami ni pesa inayosagwa. Chini yake huliwa, tabaka zinafunguka, na bapa linalegea. Nje tumia gongo la mbao lenye bapa la plastiki ngumu. Plastiki nayo huliwa, lakini polepole na bila kupasuka, na ikikwaruzika unaisugua kwa msasa. Kufunga utepe wa kitambaa kwenye bapa ni vizuri ndani. Nje utepe wa chini hukatika kabla ya mapumziko na kubaki ukining'inia, kwa hiyo funga ncha na kisigino tu au acha kabisa.

Urefu upimwe ukiwa umevaa viatu vya magurudumu, kwani vinakuinua sentimita kadhaa. Gongo likisimama mbele yako, ncha ifike kati ya mfupa wa bega na kidevu. Kabla ya kukata kwa msumeno, weka alama na ucheze nalo siku mbili.

Kuanguka, kiatu na mitumba

Kwenye vigae vya plastiki ukianguka unateleza na kusimama mbali. Kwenye lami unang'ang'ania palepale na ngozi inabaki chini. Kwa hiyo nje, suruali ndefu ya kitambaa kigumu, kinga za muundi zinazofunika goti, kinga za viwiko na glavu zenye kiganja kilichoongezwa ngozi ni vya lazima. Kofia ngumu, kinga ya meno na kinga ya kinena havitegemei sakafu, vaa popote. Golikipa wa lami asitegemee kuteleza kwa goti kutoka mlingoti hadi mlingoti. Afundishwe kusimama zaidi.

Kiatu cha hoki huvaliwa kikiwa kidogo kuliko kiatu cha kawaida kwa namba moja hadi moja na nusu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisiinuke. Ukipata kiatu cha mazoezi chenye breki ya mpira kisiginoni, itoe, maana itanasa gongo na miguu ya wenzako.

Kwenye mitumba kuna viatu vizuri, ila urethani na gundi iliyokaa miaka ghalani kwenye unyevunyevu huoza bila kuonekana. Kandamiza ukucha kwenye gurudumu: likiacha alama ya kunata au likimeguka kama biskuti, hesabu bei ya magurudumu 8 mapya juu ya bei ya kiatu. Kunja soli kwa mikono usikilize kama inalia na kupasuka. Fungua angalau bolti moja ya kila kiatu, kwa sababu bolti iliyoshikwa na kutu ndani ya fremu ya aluminiamu ndiyo itakayokukwamisha siku ya kwanza. Tazama magurudumu kutoka nyuma kwa jicho moja. Yasipokaa kwenye mstari, fremu imepinda. Mwisho pima nafasi kati ya gurudumu na fremu: kama 76 lililomo limekaribia kugusa, fremu hiyo haitapokea 80, na mipango yako ya uwanja wenye nyufa itabidi ianze na kiatu kingine.